Nyumba ya Wawili, Deni la Wawili, Ndoa Imekwisha: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu ni wa wanandoa, au waliokuwa wanandoa, ambao nyumba yao ina majina mawili na bado inadaiwa na benki. Jambo moja litarudi tena na tena humu, basi tuliweke wazi mapema: mikataba ni miwili. Wa kwanza ni wa ndoa, baina yako na mwenzako. Wa pili ni wa mkopo, baina yenu ninyi wawili na benki. Talaka huvunja wa kwanza tu. Ugomvi mwingi wa nyumba baada ya talaka hutokana na watu kudhani imeivunja yote miwili.

Sheria hutofautiana nchi na nchi, na kila mkataba una vifungu vyake. Yaliyomo humu yatakusaidia kuuliza maswali yanayofaa. Hayatachukua nafasi ya wakili aliyesoma hati zako.

Tumeshaachana rasmi. Bado nadaiwa na benki?

Ndiyo, kama ulisaini mkopo. Na hudaiwi nusu: unadaiwa wote. Mikopo ya nyumba inayochukuliwa na watu wawili kwa kawaida huandikwa kwa dhima ya pamoja na ya kila mmoja. Maana yake, benki inaweza kumdai yeyote kati yenu deni zima, bila kujali nani anaishi ndani, nani alilipa mwezi uliopita, wala nani alimkosea nani. Haijalishi pia talaka ilipitia mahakamani au kwa viongozi wa dini. Mbele ya mkataba wa mkopo zote ni sawa.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema nani alipe. Benki nayo haitaji, inataka tu marejesho yaingie kwa tarehe yake.

Hukumu imesema yeye ndiye atakayelipa. Hukumu si amri?

Ni amri, ila imemwamuru yeye, haikuiamuru benki. Benki haikuwa mhusika katika kesi yenu. Akiacha kulipa, itawageukia wote wawili, na malimbikizo yataandikwa kwenye rekodi za mikopo za majina yote mawili. Wewe utabaki na haki ya kurudi mahakamani kudai akurejeshee ulichomlipia. Hiyo ni haki ya kweli, lakini hutembea polepole kuliko barua za benki.

Ndiyo maana makubaliano mazuri hayaishii kwenye maneno "mume atalipa" au "mke atalipa". Huendelea: atalipa, na kufikia tarehe fulani atakuwa ameuhamishia mkopo kwenye jina lake peke yake, akishindwa, nyumba itauzwa, mthamini atateuliwa kwa njia hii, na bei haitashuka chini ya kiwango hiki. Pia huweka kifungu cha fidia, kwamba hasara yoyote utakayoipata kwa sababu yake atakulipa. Nikiona makubaliano yasiyo na tarehe, huwa nahesabu kwamba suala la nyumba bado halijaamuliwa, hata kama wahusika wameshapeana mikono.

Jina langu liko kwenye mkopo lakini halimo kwenye hati. Je, kinyume chake?

Hati ya umiliki husema nyumba ni ya nani. Mkataba wa mkopo husema deni ni la nani. Watu huzichanganya nyaraka hizi mbili kwa sababu huwa zinasainiwa siku moja, juu ya meza moja.

Uliye kwenye mkopo tu una mzigo bila mali, angalau kwenye karatasi. Ni nafasi mbaya kuliko zote, na ndiyo ya kwanza kumpelekea wakili. Katika nchi nyingi sheria ya mali za ndoa inaweza kukupa haki juu ya nyumba hata kama jina lako halimo, lakini haki hiyo hudaiwa, haiji yenyewe. Uliye kwenye hati tu hudaiwi binafsi, lakini ikiwa uliridhia nyumba iwekwe rehani, benki inaweza kuiuza deni lisipolipwa, nawe ukaondoka na kitakachobaki.

Nikihama nyumbani, nimepoteza haki yangu?

Kwa kawaida hapana. Umiliki haufutiki kwa kufunga virago. Ila kuhama kuna matokeo yake: aliyebaki ndani huwa na nguvu zaidi katika mazungumzo kwa kuwa hana haraka, na pale penye watoto, mpangilio uliozoeleka huwa mgumu kuubadilisha baadaye. Kabla ya kuondoka, piga picha za kila chumba, chukua nakala za nyaraka, na muandikiane, hata kwa ujumbe wa simu, kwamba unahama kwa muda na huachi sehemu yako.

Haya yote ni kwa nyumba yenye ugomvi wa kawaida. Kama kuna kipigo au vitisho, ondoka kwanza. Haki za mali hudaiwa ukiwa mahali salama. Mahakama za nchi nyingi zinaweza kutoa amri ya ulinzi, na hata kumtoa mwenye fujo ndani ya nyumba ambayo ni yake pia.

Nani alipe marejesho wakati kesi bado inaendelea?

Mbele ya benki, yeyote. Baina yenu wawili, mnavyokubaliana au mahakama itakavyoelekeza kwa muda. Kuna mipangilio kadhaa iliyozoeleka: nusu kwa nusu, kila mmoja kulingana na kipato chake, au anayekaa ndani alipe yote kwa kuwa ndiye anayeifaidi. Huu wa mwisho unaonekana wa haki, na mara nyingi ni wa haki, lakini usiufanye kimyakimya. Aliyelipa marejesho peke yake kwa miezi kumi na minane atataka yahesabiwe siku ya kugawana. Aliyehama naye atajibu kwamba mwenzake amekaa ndani bila kumlipa chochote kwa matumizi ya sehemu yake. Mahakama zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza huweza kusikiliza hoja zote mbili na kuziweka kwenye mizani, kwa hiyo anayedhani anajiwekea akiba anaweza kukuta imemezwa na upande wa pili.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapa methali hiyo ni hesabu kabisa. Fungueni daftari moja, au jedwali moja la kompyuta mnalolifikia wote: tarehe, kiasi, nani kalipa, kwa ajili ya nini. Weka marejesho, bima, kodi ya jengo na matengenezo ya lazima. Lipa kwa njia inayoacha risiti. Fedha taslimu aliyopewa mwenzako mkononi "akalipie nyumba" ni maneno matupu ukifika mbele ya hakimu.

Amegoma kulipa nusu yake. Nami nigome?

Usigome. Ukigoma unamwadhibu yeye kwa kiboko kinachokupiga na wewe. Riba ya adhabu, ada za ucheleweshaji na rekodi mbaya ya mikopo vitawapata wote, na wewe huenda ndiye utakayehitaji mkopo mpya kesho.

Ukiweza kulipa yote, lipa, andika, na mjulishe kwa maandishi kwamba utaidai sehemu yake. Usipoweza, nenda benki kabla tarehe haijapita. Waeleze kwamba mnatengana na uombe wanachoweza kukupa: kulipa riba tu kwa miezi kadhaa, kurefushiwa muda wa mkopo ili marejesho yashuke, au kusimamishiwa malipo kwa muda. Elewa bei yake, kwa kuwa riba haiendi likizo. Yale usiyolipa sasa huongezwa kwenye salio na huzaa. Elewa pia kwamba mabadiliko ya masharti mara nyingi huhitaji saini zenu wote wawili, hata kama hamsalimiani.

Jambo jingine hapo hapo benki: kama mkopo una akiba ya ziada mnayoweza kuichota, au mna akaunti ya pamoja inayoruhusu kutoa zaidi ya kilichomo, omba utoaji uwe kwa saini mbili au ufungwe. Watu waungwana kabisa wamewahi kuchota fedha usiku wa kuamkia kesi.

Nyumba yetu "ina" kiasi gani hasa cha kugawana?

Kinachogawanywa si bei ya nyumba. Ni bei ya nyumba, toa salio la mkopo, toa gharama za kuuza. Hapa ndipo wengi hushtuka, basi tufanye hesabu.

Tuseme mlikopa 100 (weka fedha yoyote unayotaka) kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, muda wa miaka 20, marejesho sawa kila mwezi. Kila mwezi mnalipa takriban 1.10. Baada ya miaka 5 mmeshatoa mfukoni 66. Salio ni ngapi? Takriban 92. Katika hiyo 66, karibu 58 ilikwenda kwenye riba na 8 tu ndiyo iliyopunguza deni. Hata mkifika miaka 10, nusu ya safari, bado mnadaiwa kama 77. Hakuna aliyewaibia, ndivyo mkopo wa marejesho sawa unavyofanya kazi, riba huliwa kwanza. Lakini usifike kwenye meza ya mazungumzo ukidhani miaka mitano ya kulipa imewapa robo ya nyumba.

Sasa tuseme nyumba leo ina thamani ya 150, na dalali, wakili na ada za usajili vitakula 6. Mkiuza: 150 toa 92 toa 6, inabaki 52. Nusu kwa nusu, kila mmoja 26.

Salio sahihi usilichukue kwenye taarifa ya mwezi. Omba benki barua ya kiasi cha kumaliza mkopo kufikia tarehe fulani. Ndani yake kutakuwa na riba ya siku zilizobaki na, kwa mikopo mingine, faini ya kumaliza deni mapema. Faini hiyo imeshawahi kuvuruga makubaliano yaliyokwisha kusainiwa.

Thamani tuikubali ya nani?

Ya mthamini aliyesajiliwa mliyemteua pamoja na kumlipa pamoja. Kila mmoja akija na wake, mtapata namba mbili: anayetaka kubaki ataleta ya chini, anayetaka kulipwa ataleta ya juu, kisha mtalipia ya tatu. Soma ripoti yenyewe pia. Baadhi ya ripoti huwa na thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, na ya pili ni ndogo zaidi. Anayenunua sehemu yako kwa thamani ya mauzo ya haraka amekupunja, kwa kuwa hakuna anayeuza kwa haraka hapo.

Kuna njia ngapi za kulimaliza jambo hili?

Kwa upana ni nne. Kuuza na kugawana. Mmoja kumnunua mwenzake. Kuahirisha mauzo hadi wakati fulani, hasa kwa ajili ya watoto. Na kubaki wamiliki wawili mkiipangisha.

Kuuza hakufurahishi mtu, lakini ndiyo njia pekee inayomaliza deni na umiliki wa wawili kwa mpigo mmoja: benki inalipwa, rehani inaondolewa, hakuna anayemdai mwenzake. Kama hakuna sababu nzito ya kubaki, mimi ningeuza. Kuipangisha pamoja ni njia ninayoiogopa. Inawezekana kwa watu wanaoelewana, na wakati soko limelala inaweza kuwa ya lazima, lakini mmeachana kwa sababu kushirikiana kulikuwa kugumu, na sasa mnafungua biashara. Mkiichagua, wekeni mkataba wa maandishi: kodi inaingia akaunti gani, nani anashughulika na wapangaji, paa likivuja nani anatoa nini, na lini lazima iuzwe.

Nataka kumnunua mwenzangu nibaki na nyumba. Benki itakubali?

Benki itakuangalia kama mwombaji mpya. Ilipokopesha ilitazama mishahara miwili. Sasa itauangalia mmoja, tena wenye matunzo ya watoto ndani yake.

Turudi kwenye mfano wetu. Thamani 150, salio 92, tofauti 58, sehemu ya mwenzako 29. Ili kumlipa na kulibeba deni lote, unahitaji mkopo wa 121. Kwa riba ileile na miaka 15 iliyobaki, marejesho yanapanda kutoka 1.10 hadi takriban 1.45 kwa mwezi. Ukiongezewa muda hadi miaka 20, yatakuwa kama 1.33. Kiasi kilichokuwa kikilipwa na wawili kimepanda, na anayelipa amebaki mmoja. Ongeza bima, kodi ya jengo, na bomba litakalopasuka. Nimeona watu wakiing'ang'ania nyumba kwa machozi, na baada ya miaka miwili wakaiuza kwa shida, baada ya kumaliza akiba yao yote kuilisha.

Zipo njia za kupunguza mzigo. Mnaweza kubadilishana mali: yeye achukue kiwanja, gari au sehemu kubwa ya akiba ya uzeeni, wewe ubaki na nyumba, na fedha ya kukopa ipungue. Angalia tu kwamba mnalinganisha vitu vinavyolingana, kwa kuwa akiba ya uzeeni isiyoweza kuguswa kabla ya kustaafu si sawa na fedha iliyoko mkononi. Mnaweza pia kukubaliana alipwe kwa awamu, naye apewe dhamana juu ya nyumba baada ya ile ya benki. Ndugu anaweza kukudhamini, lakini mweleze vizuri, maana yaliyokupata kwenye mkopo wa wawili yanaweza kumpata yeye kwenye udhamini.

Kama riba ya mkopo wenu wa zamani ni ndogo kuliko riba za leo, ulizia kwanza kuuchukua mkopo uleule kwa jina lako badala ya kukopa upya. Si kila benki huruhusu, lakini swali halina ada.

Benki haiwezi tu kulifuta jina langu?

Inaweza, haitaki. Majina mawili ni usalama wake, na kulitoa moja ni kujipunguzia mtu wa kumdai. Itakubali ikiwa aliyebaki anatosha peke yake. Kubadilisha hati kwa msajili wa ardhi hakukutoi kwenye mkopo, na mikopo mingi inataka ridhaa ya benki kabla ya umiliki kuhamishwa. Marekani wana sheria ya shirikisho ya mwaka 1982 inayozuia mkopeshaji kudai deni zima papo hapo kwa sababu tu nyumba ya makazi imehamishiwa kwa mwenzi kutokana na hukumu ya talaka. Hata hapo, aliyehama anabaki kwenye deni hadi benki imwachilie. Usisaini kuitoa sehemu yako ya umiliki huku jina lako likiwa bado kwenye mkopo. Fanya yote mawili siku moja, mbele ya wakili mmoja anayeshika nyaraka za pande zote hadi fedha ziingie.

Deni ni kubwa kuliko thamani ya nyumba. Tunagawana nini?

Mnagawana hasara. Nyumba ya 80 yenye deni la 92 ikiuzwa leo, zinahitajika 12 na gharama juu yake kabla benki haijaachia hati. Machaguo si matamu: kuleta fedha kutoka kwingine, kuiomba benki ikubali mauzo ya chini ya deni na kupanga namna ya kulipa pengo, au kusubiri mkiipangisha. Kuitupia benki funguo siyo dawa. Nchi nyingi zinairuhusu benki kuwafuata kwa kilichobaki baada ya mnada, na nyumba inayouzwa kwa mnada mara nyingi hupata chini ya ile iliyouzwa kwa hiari.

Hakikisheni makubaliano yanataja pengo hilo kwa namba. Wanandoa hukumbuka kuandika nani atachukua faida. Hasara huachwa ijigawe yenyewe.

Anakataa kuuza. Nimefungwa?

Hujafungwa. Mmiliki mwenza anaweza kuiomba mahakama iamuru nyumba iuzwe, au imwamuru mwenzake anunue sehemu yake. Mwenzako akikataa hata amri, mahakama nyingi zinaweza kumteua ofisa asaini kwa niaba yake. Ubaya ni muda na gharama. Kila mwezi wa kesi, riba inaendelea na mawakili wanalipwa kutoka kwenye ile 52 mliyotaka kugawana. Kabla ya kufika huko, jaribu usuluhishi, na umpelekee kwa maandishi pendekezo lenye tarehe na namba. Barua hiyo itakusaidia baadaye kuonyesha nani alikuwa tayari kuafikiana.

Wakati mwingine anayekataa hana ubishi. Hana pa kwenda. Pendekezo linalompa miezi minne ya kutafuta makazi, au sehemu ya fedha za mauzo itakayotolewa mapema, limewahi kufungua mlango ambao amri isingeufungua.

Tuna watoto wadogo. Nyumba inaweza kusubiri?

Inaweza. Mahakama za Uingereza zina amri ya aina hii inayojulikana tangu miaka ya 1970: mzazi anayelea anabaki ndani, mauzo yanaahirishwa hadi tukio lililotajwa, kama mtoto wa mwisho kufikisha umri fulani au mzazi huyo kuoa au kuolewa tena, kisha fedha zinagawanywa kwa viwango vilivyopangwa tangu mwanzo. Hata pasipo na amri kama hiyo, mnaweza kuandikiana makubaliano yanayofanana nayo.

Faida ni kwamba watoto hawahami shule. Hasara inamwangukia zaidi aliyehama: fedha yake imelala ukutani kwa miaka, jina lake bado lina deni, na benki ikimpima kwa mkopo mwingine italihesabu deni hilo. Naye aliyebaki hufikia siku ya mauzo akiwa na umri mkubwa zaidi na fursa ndogo zaidi ya kukopa. Mkiamua kusubiri, andikeni nani analipa mtaji, yaani deni lenyewe, na nani analipa riba, kwa kuwa anayepunguza mtaji kwa miaka kumi anaikuza sehemu ya mwenzake pia.

Anaweza kuiuza au kuikopea tena bila mimi kujua?

Kama hati ina majina yenu wawili, bila saini yako hapaswi kuweza. Kinachobaki ni saini ya kughushi, nayo hutokea. Kama hati ina jina lake peke yake, hatari ni kubwa zaidi, ingawa sheria nyingi zimeweka ukuta: Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 na Sheria ya Mali za Ndoa ya Kenya ya mwaka 2013 zote zinataka ridhaa ya mwenzi kabla nyumba ya ndoa haijauzwa au kuwekwa rehani. Uingereza, mwenzi ambaye hamo kwenye hati anaweza kuisajili haki yake ya kuishi ndani ili mnunuzi yeyote aione.

Fanya upekuzi kwa msajili wa ardhi leo, kisha uweke zuio au tahadhari kwenye rejista ikiwa sheria yenu inaruhusu. Barua kwa benki yenye rehani, ikisema kwamba kuna mgogoro na hutaridhia nyongeza yoyote ya mkopo, nayo ni ukuta mzuri wa bei nafuu.

Nikifa kabla ya mambo kukamilika, sehemu yangu inakwenda wapi?

Swali hili halipendwi, lakini ndilo linaloumiza zaidi likisahaulika. Umiliki wa wawili una aina mbili katika nchi nyingi zinazofuata mfumo wa Kiingereza. Katika umiliki wa pamoja usiogawanyika, anayefariki sehemu yake humwendea aliyebaki hai moja kwa moja, na wosia hauwezi kuizuia. Katika umiliki wa hisa, kila mmoja ana fungu lake, na likifika la kufika linaingia kwenye mirathi yake.

Wanandoa wengi waliandikishwa aina ya kwanza bila hata kuulizwa. Maana yake, mtu mliyegombana hadi mahakamani anaweza kurithi nusu yako huku watoto wako wa awali au wazazi wako wakitazama. Pale Uingereza umiliki huo unaweza kubadilishwa kuwa wa hisa kwa taarifa ya maandishi kwa mwenzako, chini ya sheria ya mwaka 1925. Kwingine utaratibu ni mwingine, na huenda ukahitaji ridhaa ya mwenzako au amri ya mahakama. Uliza hili katika kikao cha kwanza kabisa na wakili, na siku hiyohiyo angalia wosia wako pamoja na majina ya wanufaika kwenye bima ya maisha. Kumbuka tu kwamba upanga huu unakata pande zote: ukibadilisha, nawe hutapata sehemu yake akitangulia.

Mimi sikuwa na mshahara. Nina changu humo?

Mara nyingi ndiyo, lakini kiasi gani hutegemea unaishi chini ya sheria ipi. California mali iliyochumwa ndani ya ndoa kimsingi hugawanywa nusu kwa nusu. Tanzania, Mahakama ya Rufani ilikubali tangu 1983 kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Kenya, sheria ya 2013 inahesabu malezi ya watoto, kazi za nyumbani na hata usuhuba kuwa michango, lakini Mahakama ya Juu ilisema Januari 2023 kwamba usawa wa wanandoa haumaanishi kila mmoja anapata nusu moja kwa moja. Mchango lazima uonyeshwe. Kwa hiyo kusanya ushahidi wako usio wa fedha kama unavyokusanya risiti: nani alisimamia mafundi, nani aliacha kazi kulea, nani aliendesha duka lililolipa mkopo.

Nikarabati kabla ya kuuza?

Rangi na bomba linalovuja, sawa. Jiko jipya, hapana. Fedha utakayoiingiza sasa itakuwa ugomvi mwingine.

Wakili mmoja anaweza kutuhudumia wote?

Kwa kuhamisha hati baada ya kukubaliana, mara nyingine inaruhusiwa. Kwa kujadiliana nani apate nini, hapana, hata mkielewana. Maslahi yenu yanagongana, na wakili makini atakataa mwenyewe. Msuluhishi ni kitu kingine: hamwakilishi yeyote, na ndiyo kazi yake.

Nyumba imeuzwa, mkopo umelipwa. Kuna lililobaki?

Dai kutoka benki barua ya kwamba deni limekwisha, na hakikisha rehani imeondolewa kwenye rejista ya ardhi. Mara nyingine benki hulipwa na jalada likasahaulika. Simamisha agizo la kukatwa marejesho kwenye mshahara au akaunti, kwa kuwa mfumo hauna habari kwamba nyumba imeshauzwa. Ulizia bima ya mkopo iliyolipwa kwa mkupuo, maana huenda sehemu ya muda uliobaki ikarudishwa, na mkubaliane mapema inarudishwa kwa nani. Muulize mhasibu kama kuna kodi juu ya faida ya mauzo na tarehe ya mwisho ya kuitangaza. Baada ya miezi miwili au mitatu, omba taarifa yako ya rekodi za mikopo uone mkopo umeandikwa umefungwa. Ukikuta bado unasomeka wazi, peleka nakala ya barua ya benki. Hapo ndipo ile barua uliyoidai siku ya kwanza itakapokufaa.